Somo la 17: Nyumba isiyo na mtoto



Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza ahadi ambazo mume na mke hupeana mbele ya altare. Leo tutatazama jambo moja linalozijaribu ahadi zile kwa nguvu sana katika vijiji vyetu, yaani kukosa mtoto.

Ninyi mnajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mwaka wa kwanza ukipita, mashangazi huanza kuuliza kwa upole. Mwaka wa pili, mama wa mume haulizi tena. Hunyamaza, na kunyamaza kwake ni kuchungu kuliko maneno. Mwaka wa tatu wazee hukaa baraza, na mara nyingi shauri ni moja: mke arudi kwa baba yake na mahari irudishwe, au mume atafute mke mwingine ili wajaribu. Tena wapo wanaonong'ona kwamba mke huyo amefungwa na wachawi, au kwamba yeye mwenyewe amewala watoto wake tumboni. Katika shauri lile lote, hakuna aliyeuliza kama mume amepimwa. Hakuna aliyeuliza kama hata mke amepimwa.

Basi leo nataka mshike mambo matatu. La kwanza: mara nyingi utasa una sababu katika mwili, nao si laana. La pili: ni jambo la watu wawili, si la mke peke yake. La tatu: hauvunji ndoa. Mimi si tabibu. Mambo ya mwili nitakayoyasema ni yale ambayo matabibu wenyewe wanayafundisha, nami nayaeleza kwa maneno ya kwetu.

1. Utasa ni nini

Matabibu husema hivi: mume na mke wakikaa pamoja na kukutana kwa kawaida muda wa miezi 12, bila kuzuia uzazi, na mimba isipatikane, imefaa wachunguzwe. Mke akiwa amepita miaka 35, wasingoje mwaka mzima. Miezi 6 yatosha, maana uzazi wa mwanamke hupungua kadiri miaka yake inavyozidi.

Kwa nini miezi 12? Kwa sababu katika nyumba 100 changa, karibu 85 hupata mimba ndani ya mwaka wa kwanza. Katika zile zinazobaki, nyingine hupata mwaka wa pili bila dawa yoyote. Kwa hiyo anayemsumbua bibi arusi mwezi wa nne amekosa akili na amekosa mapendo.

Nyumba zenye shida hii si chache. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika watu wazima 6, mmoja hukutana na utasa katika maisha yake, na kwamba nchi tajiri na nchi maskini karibu zinalingana. Tena uko utasa wa namna mbili. Wako ambao hawajapata mimba hata moja. Na wako waliozaa mtoto mmoja au wawili, kisha uzazi ukasimama. Hawa wa pili ni wengi katika Afrika. Kwa hiyo mume asiseme: Mimi nilizaa zamani, kosa haliwezi kuwa kwangu. Mwili wa mtu hubadilika.

2. Jinsi mimba inavyopatikana

Tutoe mfano wa shamba. Mkulima akipanda mahindi na yasiote, hatukani udongo kabla ya kutazama mbegu. Hutazama mbegu kama zimeliwa na wadudu, hutazama udongo, hukumbuka kama alipanda wakati wa mvua. Imetupasa kuwa na busara hiyo katika uzazi.

Ili mimba ipatikane, mambo manne yanatakiwa. Kwanza, mwili wa mke utoe yai. Kwa kawaida hutoa moja kila mwezi, siku 14 hivi kabla ya damu ya mwezi unaofuata. Pili, mirija miwili myembamba, inayoliongoza yai hata kwenye mfuko wa uzazi, iwe wazi. Tatu, mume awe na mbegu nyingi, zilizo hai, zinazokwenda kwa nguvu. Nne, mfuko wa uzazi uwe mzima, upate kulipokea yai lililokutana na mbegu na kulilea.

Wakati nao ni jambo kubwa. Yai huishi muda wa siku 1 tu baada ya kutoka. Mbegu za mume huweza kuishi hata siku 5 katika mwili wa mke. Basi siku za kupata mimba katika mwezi ni chache, kama 6 hivi. Mume anayekaa kwenye machimbo miezi mitatu, na kurudi nyumbani kwa siku nne tu, asistaajabu mimba ikikawia. Huenda nyumba yao haina ugonjwa wowote. Wamekosa tu kuwa pamoja.

Mama anaweza kuzijua siku hizo kwa kuutazama ute wake: unapokuwa mwepesi, unaoteleza na kuvutika kama ute wa yai la kuku, siku zile ndizo. Daktari John Billings wa Melbourne, katika Australia, alianza kuichunguza njia hiyo mwaka 1953, na mkewe, Daktari Evelyn, akaiendeleza pamoja naye. Wengi wanaijua kama njia ya kupanga uzazi, lakini inawafaa vilevile wanaotafuta mtoto, nayo haina gharama.

3. Sababu zilizo katika mwili wa mke

Sababu kubwa katika nchi zetu ni mirija iliyoziba. Inazibwa na nini? Mara nyingi na maradhi ya zinaa, hasa kisonono na kile kinachoitwa klamidia. Maradhi haya huweza kukaa katika mwili wa mwanamke bila maumivu makali, wala yeye hajui, huku yakiichoma mirija hata ikabaki na makovu. Mara nyingine wadudu wa ugonjwa huingia wakati wa kuzaa, mikono au vyombo visipokuwa safi. Au baada ya mimba kuharibika. Au baada ya mimba kutolewa kwa siri. Ndiyo maana mama aliyezaa mara moja huweza kukosa mtoto wa pili. Kifua kikuu nacho huweza kuishambulia mirija, na kichocho huweza kuvidhuru viungo vya uzazi kwa wale wanaoishi kando ya maziwa na mito yenye ugonjwa huo.

Hapa tukumbuke jambo lililotokea katika nchi yetu wenyewe. Kati ya mwaka 1955 na 1957 ilifanywa hesabu kubwa ya watu wa Kongo. Ilionekana kwamba katika sehemu za Equateur na za Uele wamama wengi walikuwa wamefikia uzee bila kuzaa hata mara moja, kuliko katika sehemu nyingine za nchi. Wachunguzi walipotafuta sababu, waliona kwamba maradhi ya zinaa ndiyo yaliyoharibu uzazi mahali pale. Tangu dawa ya penisilini ilipoenea miaka ile ya 1950, uzazi ulianza kupanda. Ikiwa ugonjwa ulipungua kwa sindano, na watoto wakaongezeka, je, tuendelee kumlaumu mchawi?

Sababu nyingine ni yai kutotoka. Mama wa namna hii mara nyingi huona damu yake mara chache katika mwaka, au bila mpango, au haoni kabisa. Mwingine hutoka maziwa matitini naye hana mtoto wa kunyonyesha. Hiyo ni dalili ya kumwambia tabibu. Tena uko uvimbe katika mfuko wa uzazi, unaoleta damu nyingi kila mwezi. Nao uko ugonjwa ambao ngozi kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko, ukileta maumivu makali siku za damu. Mama mwenye maumivu hayo asiambiwe tu kuvumilia.

4. Sababu zilizo katika mwili wa mume

Wababa, sasa nisikilizeni ninyi. Katika nyumba zinazokosa mtoto, karibu nusu yake mume ana sehemu katika shida hiyo, ama peke yake, ama pamoja na mke. Wengi wanakataa kulisikia neno hili kwa sababu wanachanganya nguvu na uzazi. Mtu huweza kuwa na nguvu zote za mume, naye hana mbegu hata moja iliyo hai. Kwa macho haionekani. Ni lazima hadubini.

Sababu ni hizi. Kisonono na klamidia huweza kuziba njia za mbegu, kama zinavyoziba mirija ya mke. Matubwitubwi, ule ugonjwa wa kuvimba chini ya masikio, ukimpata kijana aliyekwisha kubalehe huweza kushuka katika korodani na kuziharibu. Wako waliozaliwa na korodani ambazo hazikushuka mahali pake. Mama akiona hivyo kwa mtoto wake mchanga ampeleke kwa tabibu mapema, asingoje awe kijana. Wako wenye mishipa iliyovimba katika mfuko wa korodani. Tena pombe nyingi, kama ile kanyanga na lutuku mnayoijua, hupunguza mbegu, na tumbako vivyo hivyo.

5. Matibabu yaliyopo

Sasa mtauliza: Tufanye nini? Nendeni hospitalini, wawili pamoja, siku ile ile. Anzeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Muuguzi wa pale atawaandikia barua ya kwenda hospitali kuu ya eneo lenu. Ziko pia hospitali zenye matabibu wa magonjwa ya wanawake, kama ile ya Panzi mjini Bukavu, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Mke aandike tarehe za damu yake za miezi mitatu au minne, aipeleke karatasi ile kwa tabibu. Itamsaidia sana.

Kipimo cha mume ndicho chepesi kuliko vyote: mbegu zake hutazamwa kwa hadubini. Hakina kisu wala maumivu. Kwa hiyo si haki mke apasuliwe kabla ya mume kupimwa. Mkristu mwenye shaka juu ya namna ya kuzitoa mbegu hizo amwulize padri, maana iko njia ya kuzipata katika tendo la ndoa lenyewe. Kipimo kikionyesha upungufu, mume asikate tamaa: homa kali huweza kuzidhoofisha mbegu, na mbegu mpya hutengenezwa muda wa miezi mitatu hivi, ndipo hupimwa tena.

Mke hupimwa damu. Hutazamwa kwa ile mashine ya ekografi inayoonyesha yaliyo tumboni. Na penye kuhitajika hupigwa picha ya mirija, kwa kutiwa dawa inayoonekana kwenye eksirei. Dawa ikipita, mirija iko wazi, ikisimama, imeziba.

Kisha huja matibabu, kila ugonjwa kwa dawa yake. Kisonono na klamidia hupona kwa antibiotiki, lakini ni lazima mume na mke watibiwe pamoja. Akitibiwa mmoja, mwingine humrudishia ugonjwa. Tena shikeni hili: antibiotiki huua wadudu, haiondoi kovu. Anayetibiwa mapema huiokoa mirija yake. Anayengoja miaka mitano kwa wapiga ramli, huenda ataponywa wadudu naye abaki na mirija iliyofungwa. Ndiyo maana kuchelewa kunadhuru.

Mama ambaye yai lake halitoki hupewa vidonge, kama klomifeni au letrozoli, kwa siku tano tangu mwanzo wa mwezi wake. Wamama wengi wamepata mimba kwa vidonge hivyo. Lakini visinunuliwe sokoni wala visiazimwe kwa jirani, maana vyaweza kuleta mapacha na hatari nyingine, na tabibu lazima amwangalie anayevitumia. Uvimbe wa mfuko wa uzazi huweza kutolewa kwa kisu na mfuko wenyewe ukabaki. Mishipa ya mume iliyovimba hutengenezwa vilevile. Mirija iliyoziba, mingine hufunguliwa kwa kisu, mingine haifunguki tena.

Iko pia njia ya kulikutanisha yai na mbegu katika chombo, nje ya mwili. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Njia hii hufanyika katika miji mikubwa, gharama yake ni kubwa sana, na mara nyingi jaribio moja halifaulu. Juu ya hiyo nitasema neno sasa hivi.

Mwisho wa sehemu hii, onyo moja. Sidharau majani yote ya wazee wetu. Lakini mama asitie dawa yoyote katika njia ya uzazi kwa shauri la mtu asiye tabibu. Dawa zile huchoma, huleta vidonda, na vidonda huongeza utasa.

6. Mafundisho ya Kanisa

Kanisa linapenda waliokosa mtoto watibiwe, na linawasifu matabibu wanaotafuta dawa ya utasa. Kila dawa na kila kisu kinachouponya mwili ili tendo la ndoa lizae matunda, ni halali. Lakini katika barua yake ya mwaka 1987 juu ya uhai wa binadamu, Roma ilifundisha kwamba mtoto atoke katika mapendo ya wazazi wake wawili, katika tendo lao la ndoa. Kwa hiyo Kanisa halikubali mbegu au yai la mtu wa tatu, wala mimba kutengenezwa katika chombo, ambako mara nyingi mimba changa nyingine huachwa zife. Hata hivyo, mtoto aliyekwisha kuzaliwa kwa njia hiyo ni mtoto wa Mungu kama watoto wengine. Asichekwe na mtu.

Na kama dawa zote zimeshindwa? Hapa, wazee wa baraza, nisikilizeni vizuri. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983, katika kanuni ya 1084, chasema wazi kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Mume na mke hawakuahidiana watoto. Waliahidiana wao wenyewe, mpaka kufa. Mtoto ni zawadi, na zawadi haidaiwi kama deni. Anayemfukuza mkewe kwa sababu hii anavunja kiapo chake. Tena, ikiwa upungufu uko kwake, atamfukuza wa kwanza, atamfukuza wa pili, na nyumba yake itabaki kimya vile vile, nao wamama wawili watakuwa wameaibishwa bure.

Mnamkumbuka Elkana katika Maandiko. Mkewe Ana hakuwa na mtoto, na mke mwenzake alimchokoza kila mwaka. Elkana hakumrudisha kwao. Alimpenda kabla ya mtoto kuja. Mnawakumbuka na Zakaria na Elizabeti, waliozeeka pamoja bila mtoto, na Injili inawaita wenye haki wote wawili katika miaka ile ya kungoja.

Waliokosa mtoto wanaweza kumpokea yatima. Sheria ya jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 inakubali mtu kumfanya mtoto wa mwingine kuwa mtoto wake. Katika nchi yetu, ambayo vita vimeacha yatima wengi, nyumba hiyo inafanya kazi ya mtakatifu Yozefu. Nasi tunaokaa nao jumuiyani tusiwaweke kando. Tusimnyime mama huyo mtoto wa kubeba kwa hofu ya jicho lake. Tumwite kuwa mama wa ubatizo.

7. Maulizo ya kujibu pamoja baada ya somo

Ulizo: Je, utasa ni laana au uchawi?
Jibu: Hapana. Mara nyingi ni ugonjwa wa mwili, wenye sababu ambazo tabibu anaweza kuzitafuta.

Ulizo: Nani apimwe?
Jibu: Mume na mke, wote wawili, wakati mmoja.

Ulizo: Waende hospitalini lini?
Jibu: Baada ya miezi 12 ya kukaa pamoja, baada ya miezi 6 ikiwa mke amepita miaka 35, na mara moja wakiona dalili ya ugonjwa.

Ulizo: Tufanyeje kuulinda uzazi?
Jibu: Tuwe waaminifu katika ndoa, tutibu maradhi ya zinaa mapema na kwa wote wawili, na wamama wazalie mahali penye usafi na mkunga aliyefundishwa.

Ulizo: Je, mume anaweza kumfukuza mkewe kwa sababu hana mtoto?
Jibu: Hawezi. Ndoa yao ni ndoa kamili mbele ya Mungu.

Azimio la juma hili: Kila mzee wa baraza, akiletewa shauri la nyumba isiyo na mtoto, aulize kwanza: Mmekwenda hospitalini ninyi wawili? Kama bado, shauri lisikatwe.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya malezi ya watoto katika miaka yao ya kwanza. Yezu na Maria wawalinde nyumbani mwenu. Kwaherini.